Ukipigwa Risasi Garissa, Daktari Wako Yuko Masaa Mangapi?

Toa simu uingie kwa ramani. Andika Garissa, halafu andika Kenyatta Hospitali. Itakupea kama kilomita 370, masaa tano na kitu, na hiyo ni siku Tana haijafurika, gari haijapata pancha Ukasi, na sanse wa pale daraja hawajawashukisha wote muonyeshe vitambulisho.

Sasa weka ramani kando tufanye hesabu ingine. Mtu akikatwa mshipa mkubwa wa damu kwa paja, labda ni risasi, labda ni kipande cha chuma kutoka kwa bomu la barabarani, anaweza kuwa amedanja ndani ya dakika tano. Tano, buda. Chai haijapoa.

Stori yote inakaa hapo katikati, dakika tano upande huu na masaa tano upande ule. Na ni stori sisi wa Nairobi tunaisikianga tu siku kumenuka. Picha zinasambaa, tunabadilisha picha ya wasifu, tunaandika "poleni", wiki ikiisha tumerudi kwa mpira. Watu wa Garissa, Wajir na Mandera hawarudi mahali popote. Wako tu.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Wengi wetu tunadhani yule daktari unapata pale dharura usiku ni daktari wa dharura. Mara nyingi si yeye. Ni daktari wa kawaida, pengine amemaliza shule juzi, amewekwa hapo juu lazima mtu akae hapo. Daktari wa dharura ni mtu amesomea ile saa ya kwanza ya mgonjwa vile mwingine amesomea macho ama moyo. Anajua nini kinaua kwa dakika mbili, nini kinaua kwa saa moja, na nini kinaweza kungoja mpaka kesho. Majirani zetu walishtuka mapema: Muhimbili pale Dar walifungua idara kamili ya dharura mwaka wa 2010 na wakaanza kufunza madaktari bingwa wa hiyo kitu papo hapo. Uganda ikafuata, Mbarara na Makerere. Sisi tumekuwa tukijikokota. Sera yetu ya kitaifa ya huduma za dharura imeandikwa 2020 hadi 2030, kwa hivyo wakati tunapata karatasi, Tanzania tayari ilikuwa na wahitimu wakifanya kazi.

Halafu kuna tawi lingine la hiyo kazi, na ndilo nataka tuongelee: daktari wa dharura ambaye amefunzwa zaidi ili asimame na vikosi vya usalama na timu za maafa. Si ati anafundishwa kupiga risasi. Anafundishwa kuwa mahali risasi zinalia ni ulimwengu mwingine wa matibabu. Ule mpangilio wa hosi, kwamba unaangalia njia ya pumzi kwanza, kisha kifua, kisha damu, unageuzwa: damu inakuja mbele. Hapo ndani kabisa penye hatari hufanyi kitu ila kufunga mkanda juu ya jeraha na kumburuta mtu. Ukitoka nje kidogo, mahali hakuna risasi lakini bado si salama, unafungua njia ya pumzi na kutoa hewa iliyonaswa kifuani ikibana mapafu. Drip na mashine zinangoja mbali zaidi. Jeshi la Marekani ndilo liliandika mwongozo wa aina hii mwaka wa 1996, baada ya kugundua kwamba askari wao wengi walikuwa wakifa kutokana na vitu vinavyozuilika na mkanda mmoja tu.

Na hiyo ni nusu. Nusu ingine ni kichwa: kupanga majeruhi 80 wakati uko na vitanda vya upasuaji vitatu. Nani anaenda sasa, nani anangoja, nani unamshika mkono tu juu hakuna kitu utafanya. Kujua kuongea na kamanda wa polisi kwa lugha yake kwa redio. Kujua kuwa bomu linapasua mapafu hata kama ngozi haina alama, kwa hivyo yule jamaa anatembea akisema "niko poa" anaweza kuwa ndiye wa kwanza kuanguka. Hii haifundishwi kwa semina ya siku mbili hotelini na chakula cha mchana.

Sasa rudi Garissa, Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015.

Unaijua hiyo siku. Wanaume wanne na bunduki waliingia chuo kikuu alfajiri, wanafunzi wengine wakiwa kwa maombi, wengi wakiwa kitandani. Mpaka jioni ikifika watu 148 walikuwa wamekufa, 142 kati yao wanafunzi. Zaidi ya 70 walijeruhiwa. Walikuwa rika lako. Kuna wale walikuwa wametumia mzazi ujumbe wa fare ya Pasaka.

Mengi yameandikwa kuhusu vile kikosi cha Recce kilichelewa kutoka Nairobi, na hasira hiyo ilikuwa halali. Lakini kuna saa ingine haikuhesabiwa na watu, ile ya damu. Hosi kubwa ya Garissa, ile wenyeji bado wanaita PGH hata kama sasa ni ya kaunti, iko kwa mji huo huo na chuo. Wale walitoroka mapema na majeraha walifika hapo. Waliokuwa mahututi wakapandishwa ndege kuletwa Nairobi. Wale walinaswa ndani ya hosteli walingoja, na mtu akingoja na tundu mwilini, saa ya ukutani si ya kumuunga mkono. Kwa hali kama hiyo daktari mzuri akiwa hosini hakusaidii kitu. Yeye hawezi kuingia. Na mwenye anaweza kuingia, yule askari mwenye silaha, swali ni kama amefunzwa kufunga jeraha ama amefunzwa tu kupita juu ya majeruhi akitafuta adui. Ni lazima kuwe na mtu anayejua vyote viwili.

Cheki Paris. Novemba 13 mwaka huo huo wa 2015, miezi saba tu baada ya Garissa, watu 130 waliuawa usiku mmoja, wengi wao ndani ya ukumbi wa Bataclan kwa tamasha. Vikosi vya polisi wa Ufaransa vya kukabiliana na magaidi, RAID na BRI, vilikuwa na madaktari wao. Si madaktari wa kungoja kona ya pili, hapana, madaktari wa kuvaa kofia ya chuma na kuingia nyuma ya ngao. Walianza kutoa majeruhi wakati washambuliaji bado wako hai juu ghorofani. Na kuna kitu kitakuuma: asubuhi ya siku hiyo hiyo, huduma ya ambulensi ya Paris ilikuwa imefanya zoezi la shambulio la watu wengi. Usiku ukafika, wakafanya vile walikuwa wamefanya mchana, ila hii mara damu ilikuwa ya ukweli. Zaidi ya watu 300 walijeruhiwa, na kati ya wale walifika hosi wakiwa hai, waliokufa walikuwa wachache sana.

Usiniambie "hao ni wazungu, wako na doo." Doo ni sehemu, sawa. Lakini zoezi la asubuhi halihitaji mkopo wa IMF.

Sisi wenyewe tumelipa karo ya hili somo mara nyingi. Agosti 7, 1998, bomu la ubalozi, watu 213 Nairobi pekee. Majeruhi wengi walibebwa na pikapu na mat. Westgate, Septemba 2013, watu 67, na polisi na jeshi wakachanganyana mpaka wakapigana risasi wao kwa wao. Dusit, Januari 2019, watu 21, na hapo ukweli usemwe, mpangilio ulikuwa umebadilika. Kikosi kiliingia haraka, watu mamia wakatolewa, ambulensi zilikuwa zimejipanga. Kwa hivyo tunaeza jifunza. Shida ni kwamba tulijifunzia Riverside Drive, mahali hosi kubwa ziko umbali wa nduthi. Hakuna kitu kama hicho Hulugho.

Na North Eastern, shambulio la watu 148 si ndio la kila mwaka. Ile ya kawaida ni ndogo na haipati habari za saa moja: gari la polisi linakanyaga bomu la kutega. Juni 2019 huko Khorof Harar, Wajir, gari moja. Juni 2023, maafisa wanane waliuawa hivyo ndani ya Garissa. Machi 2025 kambi ya askari wa akiba pale Biyamadhow, Fafi, ilivamiwa alfajiri, sita wakafa na wengine wakajeruhiwa. Hawa wengi ni watoto wa huko huko, kijana wa miaka yako mwenye bunduki nzee na marupurupu ya kuomba. Swali langu kwa kila ripoti kama hiyo huwa ni moja: wale walijeruhiwa, nani aliwashika kwanza? Na alikuwa na nini mkononi?

Unakumbuka ile filamu fupi, Watu Wote, ilifika mpaka kuteuliwa Oscar mwaka wa 2018? Sote tulijipiga kifua. Ilitokana na basi ya Mandera iliyovamiwa karibu na El Wak tarehe 21 Desemba 2015, Waislamu wakakataa kutengana na Wakristo, wakawaambia magaidi ueni wote ama muwache wote. Mwalimu Salah Farah alikuwa kwa hiyo basi. Alipigwa risasi. Alikufa Januari 2016, karibu mwezi mmoja baadaye, akiwa hosi hapa Nairobi, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka Mandera. Serikali ikampa nishani baada ya kufa. Filamu inaishia mahali inaishia, na ni sawa, ni filamu. Lakini kulikuwa na ule mwezi mzima wa matibabu ambao haukuwa na kamera, na safari ya kutoka El Wak mpaka kitanda cha upasuaji. Sijui kuna nishani gani unaweza kulinganisha na daktari kuwa karibu.

Halafu weka hii kando ya hiyo. Kenya ilipopeleka polisi Haiti kuanzia Juni 2024, kambi yao pale Port-au-Prince ilikuwa na hosi ya ngazi ya pili, yenye uwezo wa kupasua, iliyoendeshwa na kampuni ya nje, na waliozidiwa wakapeperushwa nchi jirani ya Dominika. Haikuzuia vifo, kuna maafisa wetu walianguka huko. Lakini mpango ulikuwepo kwa karatasi kabla hata ndege haijapaa. Yaani afisa wa Kenya akijeruhiwa upande ule mwingine wa dunia, kuna jibu limeandikwa. Akijeruhiwa Liboi, barabara ni ya mchanga na jua linaenda kuzama.

Lakini tusifanye hii kuwa stori ya magaidi tu, juu huko maji yameua pia, na njaa, na kipindupindu. Tarehe 28 Aprili 2024 boti iliyobeba watu ilizama kwa mafuriko ya Tana pale Kona Punda, kati ya Garissa na Madogo. Barabara ilikuwa imemezwa, kwa hivyo njia pekee ya kuvuka ilikuwa boti. Zaidi ya watu 20 waliokolewa. Wengine hawakuokolewa. Fikiria maana yake kwa matibabu: barabara ya kwenda Nairobi, ile ya masaa tano, haiko. Hiyo hesabu yote ya kumpeleka mgonjwa mahututi imekufa. Hosi ya Garissa imebaki kisiwa na lazima ijitegemee.

Na cheki tarehe vizuri. Madaktari wa serikali walianza mgomo tarehe 14 Machi 2024 na wakarudi tarehe 8 Mei. Siku 56. Mafuriko yaliingia katikati. Mgomo ulikuwa wa haki, mimi nasimama hapo: mkataba ulikuwa umesainiwa 2017, madaktari wa mafunzo walikuwa wanadai ile 206,000 ya mkataba na serikali inawaonyesha 70,000. Lakini unaona vile mambo yanafungana. Unataka daktari aingie mahali risasi zinalia, asome miaka kumi na kitu, aishi Masalani, alafu mshahara wake ubishaniwe kwa runinga kama bei ya nyanya? Huku kuna wahitimu wa udaktari wako kwa mtaa wako wanauza nguo kwa simu wakingoja kupangiwa hosi ya mafunzo. Madaktari wako. Kazi ndiyo imefichwa.

Serikali ilijaribu njia ya mkato. Mwaka wa 2018 ikaleta madaktari 100 kutoka Cuba na kuwatawanya kaunti zote. Wawili wakaenda Mandera, mmoja wa upasuaji, mwingine wa familia. Tarehe 12 Aprili 2019, wakienda kazini wakiwa na askari wa kuwalinda, walitekwa nyara mjini, afisa mmoja akauawa, wakavukishwa Somalia. Wenzao wa kaunti za mpakani wakaondolewa haraka. Februari 2024 al-Shabaab wakatangaza kwamba hao wawili waliuawa kwa shambulio la ndege za Marekani huko Jilib. Mpango wenyewe Kenya ilikuwa imeufunga 2023. Walimu wasio wa huko pia waliondoka kwa wingi baada ya watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Januari 2020. Na kabla ya hapo, mwisho wa 2014, baada ya basi na machimbo ya mawe ya Mandera, walimu na wahudumu wa afya walikuwa wamelala uwanja wa ndege wakiomba kuondolewa.

Sitaki kuwalaumu, hata wewe ungepanda hiyo ndege. Lakini ukipiga hesabu unaona kitu: kila mfumo unaotegemea mtu wa kuletwa kutoka mbali unaanguka siku ile ile unahitajika. Kwa hivyo kama tutafunza hawa madaktari wa dharura wa vikosi na maafa, wachukuliwe kutoka huko. Msichana wa NEP Girls, kijana wa Balambala anayejua Kisomali cha shangazi yake na pia njia za mchangani. Na tusingoje madaktari bingwa pekee. Kijabe wamekuwa wakifunza klinikal ofisa kwa dharura na wagonjwa mahututi, na hao ndio nguzo ya kila kituo cha afya huko juu. Garissa kuna KMTC tayari. Ukiweka hilo somo pale, daktari bingwa mmoja akisimamia na klinikal kadhaa waliofunzwa wakiwa Dadaab, Masalani, Modogashe, umefanya zaidi ya kununua ambulensi mpya 10 za kupigwa picha na gavana.

Sasa nifike kwa ile sehemu inanisumbua.

Tukisema "daktari wa kusaidia usalama", mtu wa Nairobi anasikia ulinzi. Mzee wa Wajir anaweza kusikia kitu kingine kabisa. Februari 1984, jeshi na polisi walikusanya wanaume wa Degodia kwa uwanja wa ndege wa Wagalla. Serikali kwa miaka mingi ilishikilia ni watu 57 walikufa. Wenyeji wanasema idadi ilikuwa mara nyingi zaidi ya hiyo, na tume ya ukweli na maridhiano iliandika juu yake 2013. Garissa yenyewe ina Bulla Kartasi ya 1980. Na mtu aliyetafuta majeruhi na maiti za Wagalla hakuwa daktari wa serikali. Alikuwa mwanamke Mwitaliano, Annalena Tonelli, aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa TB pale Wajir. Alibeba majeruhi, akasaidia dunia ijue, na akalazimika kuondoka Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, mwaka wa 2003. Uliza wazee wa Wajir jina lake uone vile nyuso zinabadilika.

Kwa hivyo hatari ni hii. Ukiweka daktari chini ya kamanda, akivaa sare, akiandika ripoti za waliofika na majeraha ya risasi, watu watafanya nini? Mama atamficha kijana wake nyumbani na jeraha linaoza, juu anaogopa akimpeleka hosi atatoka na pingu, ama asitoke. Na kijana huyo pengine alikuwa tu mchungaji aliyepitiwa na risasi. Ukishaharibu hiyo imani hata chanjo ya watoto inakwama. Na upande ule mwingine, ambulensi ikianza kuonekana kama gari la jeshi, inakuwa shabaha. Mandera ambulensi zimeshambuliwa na zingine kutekwa. Hatuna nafasi ya kuongeza sababu.

Mimi nadhani jibu liko karibu kuliko Paris, liko Mogadishu. Kuna huduma ya ambulensi inaitwa Aamin, ilianzishwa 2006 na daktari wa meno, Abdulkadir Abdirahman Adan, bure kabisa kwa mgonjwa. Oktoba 14, 2017, lori la mabomu lilipolipuka pale Zoobe na kuua zaidi ya watu 500, hao ndio walikuwa wakikimbia na machela. Hawaulizi wewe ni wa nani. Wanapita vizuizi juu kila mtu, hata mwenye bunduki, ana mama ambaye siku moja atahitaji hiyo gari.

Ufundi wa Paris, basi, na tabia ya Aamin. Kwa lugha ya ofisi: vikosi viwe na watabibu wao ndani ya sare kwa ile dakika tano ya kwanza, kufunga damu na kuvuta mtu. Kutoka hapo mgonjwa apokewe na daktari wa dharura wa hosi ya kaunti, raia, amefunzwa kufanya kazi na vikosi, anajua redio zao na anaalikwa kwa mazoezi yao, lakini bosi wake ni hosi na orodha ya wagonjwa wake haiendi kwa kituo cha polisi bila amri ya korti. Hizi laini mbili zikichanganywa tutapoteza zote mbili.

Sheria, kwa hakika, si shida. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaanza kuhesabu hayo matibabu kutoka kabla ya kufika hosi, na inaweka faini ya mpaka shilingi milioni tatu kwa hosi yenye uwezo ikikataa. Sheria ya bima ya afya ya 2023, ile ilituletea SHA, ina mfuko wake wa dharura na wagonjwa mahututi. Yaani mtu akipasuliwa na bomu pale Fafi, kwa karatasi, matibabu yake yana njia ya kulipiwa kuanzia mahali ameangukia. Sasa tafuta nani alifika mahali ameangukia.

Kaunti ya Garissa ina zaidi ya kilomita za mraba 44,000, na kwa sensa ya 2019 watu 841,353. Hiyo ni nchi, si kaunti. Wakija kuomba kura 2027, huko na hata huku, watakuja na picha za ICU na ambulensi za kung'aa. Usiwaulize ziko ngapi. Waulize nani anakaa ndani usiku, amesomea wapi, na mara ya mwisho kaunti kufanya zoezi la majeruhi wengi ilikuwa tarehe gani. Ukipata tarehe, kuna mtu amefanya kazi. Ukipata hotuba, unajua.

Na ukiwa bado na hiyo simu mkononi, weka 1199 kwa majina. Ni nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu. Halafu jifunze hii moja leo, haichukui dakika: damu ikiruka kwa mkono ama mguu, finya pale pale na nguvu zako zote, na usiachilie kuangalia kama imekauka. Ikikataa, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kati ya jeraha na mwili, ingiza kijiti ama kijiko kwa fundo uzungushe mpaka damu isimame. Itamuuma sana, atakutusi. Andika saa uliyofunga kwa paji la uso wake na kalamu, ndio daktari akifika ajue.